Unga wa Nantowela

Lori la korosho lilipofika njia panda ya Lupaso, Mwalimu Kasiani alikuwa amekwisha simama hapo muda mrefu, kofia mkononi, maneno ya kumpokea mama yake mkubwa yakiwa yamejipanga kinywani kama watoto wa darasa la kwanza mbele ya mlango wa shule. Hata hivyo, alipomwona bikizee akishushwa kutoka juu ya magunia, maneno yale yalitawanyika yote, asibakiwe na hata moja.

"Mpokee mama yako, Mwalimu, mimi mikono imekufa ganzi!" Majaliwa alipaza sauti kutoka juu. Yeye ndiye mwana wa kuzaliwa wa bibi yule, mkulima wa Chilangala, Mwislamu asiyeacha sala, wala asiyeacha mzaha kati ya sala na sala. "Tangu Newala anaimba nyimbo zenu za kanisani. Dereva ameniuliza kama nampeleka hospitali."

"Nyamaza wewe," alisema Stamili, akitafuta ardhi kwa ncha ya mguu. "Dereva mwenyewe alikuwa anaitikia."

"Shikamoo, Mama," alisema Kasiani.

"Marahaba, mwanangu. Mbona umekonda hivi? Mkeo Severina hakupikii?"

"Ananipikia, Mama."

"Basi wewe unakula chaki." Akacheka, akamnyoshea mkono.

Kasiani aliupokea kwa mikono yote miwili, kama ilivyompasa, kisha akauachia upesi kuliko ilivyompasa. Ulikuwa mkono wa kuume, uliokauka na kukunjamana, na kwa miaka mitatu sasa hakuweza kuugusa bila kuuona ukimimina unga.

Majaliwa alimtupia kifurushi cha mama yake. Yeye alikuwa akiendelea na lori mpaka Masasi kuuza korosho, na angerudi Jumapili jioni. "Nililiona hilo kanisa lenu nilipopita mwezi uliopita," alisema. "Limevimba mgongo kama kobe aliyeogopa. Mwambieni Padre, Mungu hahitaji kujificha ndani ya gamba."

"Nenda zako," mama yake alimwambia, na lori likang'oka na vumbi lake.

Jumapili hiyo Askofu alikuwa anakuja kuliweka wakfu kanisa jipya la Nantowela. Katika Misa hiyohiyo Stamili, aliyekwisha fundishwa dini na katekista wa Chilangala, alikuwa abatizwe na kuitwa Maria. Padre Anselmi aliifurahia habari hiyo kuliko ujio wa Askofu mwenyewe, naye hakuficha. Mwenye ardhi, alisema, ndiye atakayeingia wa kwanza. Kasiani, aliyekuwa katekista wa Nantowela, alilisikia neno hilo na kuitikia vema, na tangu siku ile akawa anaacha chakula sahani.

Walikwenda polepole katikati ya mashamba ya watu, yeye mbele na kifurushi, bibi nyuma na fimbo. Stamili alizungumza njia nzima. Alisimulia habari za Chilangala, jinsi maji yanavyoteremkiwa bondeni na kupandishwa kichwani, na jinsi mkwewe anavyomletea ndoo yake bila kunung'unika, "lakini mimi nauona ule mshipa wa shingo yake, Kasiani, nami nanawa uso kwa viganja viwili tu." Hakulisema kama lalamiko. Alilisema kama mtu anayesimulia hali ya hewa. Lakini Kasiani alijua kwamba hapa Nantowela, chini ya jiwe, palikuwa na chemchemi isiyokauka hata mwezi wa kumi, na kwamba bibi huyu alinawia humo tangu alipozaliwa mpaka siku alipoondoka. Alilegeza tai yake, ingawa hapakuwa na joto.

Njia ilipopinda, jiwe likatokea. Nantowela ni jiwe moja tu, bila mti, limepanda kutoka katika mashamba kama kichwa cha mtu aliyezikwa mpaka shingoni, nalo lina michirizi myeusi ambako mvua za miaka yote zimeteremkia. Na chini yake, upande wa mawio, lilikuwa jiwe la pili, dogo, ambalo hapo zamani halikuwapo.

Stamili alisimama. Alilitazama lile kubwa, akalitazama dogo, akarudi kwa kubwa.

"Kumbe limezaa," alisema.

Ndivyo Padre Anselmi alivyokusudia hasa. Mwaka mzima alizunguka na karatasi na penseli, akiketi juani kulichora jiwe hilo kutoka kila upande, na watu wakidhani anatafuta madini. Kisha akawaambia mafundi kwamba kanisa hili halitakuwa na kona. Walicheka, kisha walipoona hacheki, wakashika kazi. Walisuka vyuma kama wasukavyo wanawake tenga la kuku, wakavipaka saruji iliyonunuliwa katika mabaki ya mradi wa karanga wa Nachingwea, na paa likainuka kwa pande zote mara moja, mviringo, bila kujulikana ukuta umeishia wapi na paa limeanzia wapi. Padre alikataza lisipakwe chokaa. Alisema mvua yenyewe italipaka, na masika mawili yakatosha kulichora michirizi ileile ya jiwe baba yake. Wageni walikuja kutoka Ndanda na Lindi, hata Wazungu wa Dar es Salaam wenye kamera, kulitazama. Bwana DC alilizunguka akiwa na kiko chake mdomoni.

Kasiani ndiye aliyewazungusha wageni wote hao. Alikuwa amekwisha kariri maelezo. Leo hayakumjia.

"Mbona umenyamaza?" Stamili aliuliza. "Si uniambie. Wengine unawaambia."

"Twende tu, Mama. Utaona mwenyewe."

Imempasa msomaji aambiwe jambo lililomfunga Kasiani kinywa.

Kabla ya kanisa, mahali pale palikuwa na makaburi ya ukoo, na katikati ya makaburi palikuwa na mti wa msolo. Stamili alikuwa mwanamke mkuu wa ukoo, ambaye Wamakua humwita pwiyamwene. Wala hapakuwa na mwanamume, hata mjomba mwenye mvi, awezaye kukata neno la ardhi au la makaburi kabla yeye hajawauliza waliotangulia. Padre Anselmi alipopaomba mahali hapo, Serikali ilikuwa imekwisha toa kibali. Lakini Padre alikuwa mtu wa haki, akasema hatachimba msingi mpaka wenye makaburi wenyewe waridhie, tena waridhie kwa desturi yao, asije akasikia baadaye kwamba aliwanyang'anya. Akamtuma Kasiani, mwana wa ukoo na mtu wa misheni, akawe shahidi.

Desturi yenyewe ilikuwa hivi. Jua likizama, pwiyamwene hupiga magoti chini ya msolo, hutwaa unga wa mtama kwa mkono wa kuume, na kuumimina polepole mpaka usimame wenyewe kama kichuguu chembamba, huku akiwaita wafu kwa majina na kuwaeleza shauri. Kisha huondoka bila kutazama nyuma. Asubuhi, kabla hajasema na mtu wala kunywa maji, hurudi kuutazama. Ukiwa umesimama, wamekubali. Ukiwa umeanguka, wamekataa. Hivyo ndivyo Kasiani alivyoijua desturi hiyo, kwa kuwa alichukuliwa kwenda shule ya bweni akiwa bado mdogo, na alichokuwa nacho kichwani ni kile alichokiona kwa jicho la mtoto aliyesimama mbali.

Asubuhi ile aliamka mapema kwa ajili ya sala zake. Njia ya kwenda kunawa ilipita karibu na msolo. Hakukusudia kutazama, ila alitazama. Na unga ulikuwa umeanguka.

Alisimama pale akiwa na taulo begani. Aliwaza juu ya Padre, anayengoja kwa uadilifu jibu ambalo hakulazimika kulingoja. Aliwaza kwamba nyumba ya Mungu aliye hai isingejengwa kwa sababu ya panzi aliyerukia konzi ya unga. Aliwaza, na hili ndilo lililomwendesha kuliko yote, kwamba yeye haamini mambo haya. Na mtu asiyeyaamini hawezi kuyatendea kosa, kama vile mtu hawezi kumwibia mtu asiyekuwapo. Basi akapiga magoti. Akaukusanya unga kwa viganja, akaumimina tena kidogo kidogo, mara ya kwanza ukaporomoka, mara ya pili ukasimama. Akafuta alama za magoti yake kwa tawi. Akaenda kunawa.

Muda si muda Stamili akatoka nyumbani kwake, kimya, akiwa hajanywa maji. Kasiani alimwona kutoka kwenye chemchemi. Alimwona akiinama, akikaa vile kitambo, kisha akiinuka na kupiga kigelegele kimoja kirefu kilichogonga jiwe na kurudi. Watu wakatoka majumbani.

Mwezi uleule walifukua makaburi. Nikolao, nduguye Stamili, mzee aliyekwisha kuchoka viungo, alibeba mifupa ya mama yao mwenyewe ndani ya nguo nyeupe mpaka makaburi mapya ya Lupaso, asikubali kupokewa. Msolo ukakatwa. Stamili, aliyekosa sasa mti wa kupigia magoti, alisema kazi yake imekwisha kwa heshima, akapanda uwanda wa juu wa Newala, Chilangala, kuishi na mwanawe mahali pasipo na maji.

Kasiani alikwenda kuungama. Alisema, "Nimeshiriki katika desturi za kipagani," akaishia hapo. Padre, nyuma ya kitambaa, alimpa sala za kutubu zilizolingana na maneno hayo. Kasiani alizisali zote, akazirudia, akaziongeza. Hazikufika mahali palipouma, kwa kuwa hakuzituma huko.

Sasa walikuwa mlangoni. Mlango wenyewe haukuwa mlango ila ufa, kama ufa ulio kati ya mawe mawili ambamo mbuzi hujibanza wakati wa mvua. Stamili aliingia ubavu ubavu, ingawa palitosha kupita watu wawili.

Ndani, sakafu haikuwa sawa. Iliteremka. Padre alikuwa amekwisha kupanda Newala mara nyingi na kusimama pale ukingoni ambapo uwanda unakatika ghafula na nchi yote mpaka Ruvuma inalala chini ya miguu, naye alisema mtu akiingia katika nyumba hii hana budi ajisikie vile: kwamba amefika ukingoni, na kwamba lazima ateremke. Basi kutoka ufani watu huteremka ngazi pana, za chini chini, zilizopinda kama njia ya mlimani, na viti vimekaa juu ya ngazi hizo. Na huko chini kabisa, mahali penye mwanga mmoja unaoanguka kutoka tundu lisiloonekana, pana maji. Mvua inayopiga paa hukusanywa na kuongozwa mpaka pale, katika beseni la jiwe lililochongwa. Ndipo pa kubatizia. Altare iko hatua chache mbele yake.

Stamili aliteremka akihesabu ngazi kwa fimbo. Kwenye ile ya mwisho alicheka kwa sauti, na kicheko chake kikazunguka paa kikamrudia.

"Huyu Mzungu," alisema, "aliteremka kuchota maji lini?"

"Mama?"

"Si ndivyo tunavyoteremka sisi? Unateremka gizani, unajikwaa, halafu unayasikia maji kabla hujayaona. Ni mwanamke gani aliyemwambia?" Alichovya vidole, akavinusa. Kisha akaweka fimbo chini, akapiga magoti, akapapasa sakafu kuzunguka beseni, kama mtu aliyeangusha sindano. Alipoinua uso, macho yalikuwa yamejaa.

"Hapa ndipo," alisema. "Ni hapahapa. Mizizi yake iko chini ya mkono wangu."

Ni kweli kwamba Padre aliliweka beseni mahali pa shina la msolo. Kasiani alijua. Alikuwa amemwonyesha mwenyewe, kwa kidole.

Sauti ya viatu ikasikika juu. Padre Anselmi alikuwa akiteremka, kanzu yake ina vumbi la saruji mpaka magotini, maana alikuwa bado anasugua hiki na kile kwa ajili ya Jumapili. "Mama Majaliwa! Karibu nyumbani kwako."

"Starehe, Baba. Umejenga. Mwanangu wa kiislamu anasema umejenga kobe."

"Kobe huishi miaka mingi," alisema Padre, wakacheka wote wawili. "Je, Mwalimu, tujaribu maswali kidogo? Asije akababaika mbele ya Askofu."

"Mimi nibabaike?" alisema Stamili. "Uliza."

Kasiani ndiye aliyepaswa kuuliza. Alisimama upande wa pili wa beseni, mikono nyuma. "Unaomba nini katika Kanisa la Mungu?"

"Imani."

"Imani itakupa nini?"

"Uzima wa milele," alijibu bibi, upesi, kama mtu anayetaja majina ya watoto wake.

"Vema sana," alisema Padre. Kisha, kama ilivyokuwa mazoea yake kwa watu wazima, akauliza la kwake lisiloandikwa kitabuni. "Na ni kitu gani kilichokuleta, Mama? Sema tu kwa moyo wako."

Stamili hakufikiri. "Wazee wangu. Mimi niliwauliza hapahapa, Baba, kama wanakutaka wewe na nyumba yako. Nikamimina unga. Nikalala macho wazi. Asubuhi ulikuwa umesimama, wima, hata kuliko nilivyouacha. Nikajiambia, hawa wametangulia kumpokea Mungu huyu, nami ni mdogo wao. Nitabaki nje kwa cheo gani? Ila miguu yangu ni mizito, nimechukua miaka mitatu kuwafuata."

Padre aliinamisha kichwa. Kasiani aliona kwamba Padre amefurahi, na furaha hiyo ilimlemea kuliko lawama. Alijua sasa kilichokuwa mbele yake. Jumapili Stamili atamwagiwa maji juu ya kichwa, naye ataingia katika imani kwa kufuata alama za vidole vya Kasiani akidhani ni nyayo za mama yake. Kumnyamazia tena kusingekuwa kunyamaza. Kungekuwa kuumimina ule unga mara ya pili, akiwa na akili zake zote.

"Mama," alisema, "unga haukusimama."

Stamili alimtazama kwa upole, kama mwalimu anavyomtazama mtoto aliyekosea hesabu nyepesi. "Ulisimama, mwanangu. Nilikuwapo."

"Ulikuwa umeanguka. Mimi nilitangulia kupita. Niliukuta umeanguka, nikauinua kwa mikono yangu, nikafuta nyayo, nikaenda kunawa. Ulichokiona ni kazi yangu."

Maji yalidondoka tone moja kutoka mahali fulani paani. Kasiani alingoja kofi, au kilio, au laana. Kwa usiku mwingi alikuwa ameyapanga yote matatu na kuyajibu. Stamili aliinuka kwa shida, akiushika ukingo wa beseni, wala Kasiani hakuthubutu kumsaidia.

"Ulianguka upande gani?" aliuliza.

"Mama?"

"Nakuuliza, ulianguka upande gani. Wa jiwe, au wa njia? Au ulipasuka katikati?"

Kasiani alitafuta. Alitafuta kwa bidii ya kweli, akirudi asubuhi ile, akisimama tena na taulo begani. Aliuona weupe chini. Hakuona zaidi. "Sikutazama," alisema.

"Hukutazama."

"Niliona umeanguka, Mama. Nilidhani kuanguka ni kuanguka. Wamekataa."

"Nani alikuambia wamekataa?" Sauti yake haikupanda. "Ukiangukia jiwe, wanasema sogezeni kidogo, mtuachie mahali petu. Ukiangukia njia, wanasema ngojeni mvua nyingine. Ukipasuka katikati, wanataka tugawane na mgeni, nusu yake na nusu yetu. Ukiliwa na mchwa, hawajasema lolote, unarudia. Kuna kukataa pia, lakini hilo ni moja tu kati ya mengi. Sasa wewe ulisoma, ukafika pale, ukakuta watu wanazungumza, ukawafunika mdomo kwa mkono kabla hujasikia hata wanasema nini."

"Mama Majaliwa," Padre alianza, taratibu, "Mungu hatazami unga. Yeye hutazama moyo, na moyo wako..."

"Baba, niwie radhi. Sasa hivi sisemi na Mungu. Nasema na mwanangu." Akamgeukia tena Kasiani. "Ungeniibia mbuzi, ningedai mbuzi, tukamaliza. Umeiba neno, na wewe mwenyewe huna. Ningekudai nini? Nikuulize uniambie walisema nini, hujui. Nikawaulize wao, mti uko wapi?" Akapiga sakafu kwa fimbo, mara moja, si kwa nguvu. "Labda walitaka hivihivi. Labda walitaka pale kando, na mimi ningebaki na chemchemi yangu, na ninyi mngekuwa na kobe wenu. Sitajua mpaka nife. Wala wewe."

Kasiani alisema lile alilokuwa nalo: "Nisamehe, Mama."

"Hilo usiniulize leo."

Alianza kupanda ngazi. Kupanda kulikuwa kugumu kuliko kuteremka, akawa anapumzika kwenye kila mstari wa viti. Padre alimfuata kwa macho, kisha akamwambia Kasiani kwa sauti ya chini, "Angalia, Mwalimu, hili litazungumzwa. Lakini Askofu yuko njiani. Jumapili utasoma somo kama tulivyopanga."

"Siwezi, Padre."

"Unadhani adhabu yako ni kunikosesha msomaji?"

"Sidhani chochote, Padre. Nilikuungamia robo ya jambo. Nitakuja kwako kukuungamia lote, lakini si kabla ya wale niliowakosea." Akaiokota kofia yake, akamfuata mama yake mkubwa.

Alimkuta nje, ameketi juu ya jiwe la kweli, amelipa kanisa mgongo. Severina alikuwa amekwisha pika, nyumba ilikuwa imefagiliwa, kitanda kimetandikwa. Kasiani alisema hayo yote, na bibi akatikisa kichwa. "Nitalala kwa Nikolao. Lete kifurushi."

"Na Jumapili, Mama?"

"Jumapili nitakaa kwa Nikolao. Nikitaka maji yale nitakuja kwa miguu yangu na kwa sababu yangu, si kwa sababu yako. Sasa sikia. Makaburi yale hayakuwa yangu peke yangu. Kila nyumba ilifukua wake. Utapita nyumba zote za ukoo, za huku na za kule juu Chilangala, uwaambie kama ulivyoniambia mimi, na utakaa mpaka wamalize kusema. Mimi sitatangulia kuwaambia. Sitakulainishia njia."

"Ndiyo, Mama."

"Anza na Nikolao."

Walikwenda Lupaso, Kasiani sasa nyuma, kifurushi kichwani kama abebavyo mwanamke. Watu waliokutana nao njiani walimwamkia, "Shikamoo, Mwalimu," naye akaitikia, na kila marahaba ikamtoka kama kitu alichokiokota kisicho chake.

Nikolao alikuwa uani, akichonga mpini wa jembe. Alifurahi kumwona nduguye, akaita kiti kiletwe, akamwita Kasiani Baba Emilia, akauliza habari za Askofu na kama ng'ombe wa sherehe amekwisha patikana. Stamili aliketi, akaweka fimbo mapajani, akatazama pembeni. Kasiani hakuketi. Alivua kofia na kuanza.

Alilisema kwa ufupi mara hii, maana alikuwa amekwisha jua ni maneno machache tu: nilipita, ulikuwa umeanguka, sikutazama upande, niliuinua, nilifuta. Nikolao aliendelea kuchonga mpaka katikati ya habari. Kisha panga likasimama. Alitazama mikono yake miwili, ile iliyobeba nguo nyeupe kutoka Nantowela, akaigeuza, akaitazama na ndani yake. Aligeuka kuelekea jikoni, ambako mkewe alikuwa akitwanga na mtoto wao akimtania.

"Mama Regina!" aliita. "Acha mtwangio. Njoo, na huyo mtoto aje, na kawaite wale wa nyumba ya pili."

Walikuja wakipangusa mikono, wanatabasamu, wakidhani ni habari za karamu. Wakakaa chini, mmoja mmoja, na wengine wakaendelea kufika kutoka nyuma ya nyumba, mpaka ua ukajaa.

"Haya, Baba Emilia," alisema Nikolao. "Anza tena. Hawa hawakusikia mwanzo."

Kasiani alianza tena.